Nadhiri Yangu kwa Ilikso

Jumanne, 3 Mei

Mzee aliyekuwa mlinzi wa chemchemi ya moto tulimzika jana. Leo bonde zima lina huzuni, na bonde zima linaitaka kazi yake. Mlinzi hukaa kwenye joto mwaka mzima wakati sisi wengine tunafukuzana na kondoo kwenye theluji. Wagonjwa humletea jibini. Nani hataki?

Mshindani wangu ni Ombeko, kaka wa mke wangu. Sala nyingi, mabega mapana, akili hakuna. Nimesimama mbele ya wazee nikaweka nadhiri kwa Ilikso, mungu wa maji yetu: akinipa kazi hiyo, nitamsimamishia jiwe la marumaru lenye maandishi ya Kilatini. Mke wangu, Erdenia, akauliza marumaru naitoa wapi, mimi ambaye paa la zizi nimeliziba kwa matope. Mbele za watu!

Wazee wataamua Jumapili, ila wanataka kuliona jiwe kwanza. Nikasema nadhiri hulipwa baada ya mtu kupewa. Wakasema wananijua.

Jumatano, 4 Mei

Marumaru imepatikana. Msituni juu kuna jiwe la nadhiri la mungu fulani wa miti. Waumini wake wamekufa wote. Mungu asiye na watu atanishtaki kwa nani? Nimelishusha kwa punda. Kwenye mteremko punda alisimama, jiwe likaendelea. Kidole gumba cha mguu kimevimba kama kitunguu. Erdenia kanipaka mafuta huku akicheka.

Ijumaa, 6 Mei

Kiso, mchonga mawe, amekwangua maandishi ya zamani. Kazi safi. Ila mbishi. Anataka jina la mungu liwe juu, langu chini. Nikamuuliza ni nani aliyeumia kidole. Jina langu juu, herufi kubwa; Ilikso afuate. Akasema, "Bwana Talsko, maana itageuka." Nikamwambia Kilatini nimekisikia sokoni tangu nanyonya. Akanyamaza, akachonga. Nampenda fundi anayenyamaza.

Jumapili, 8 Mei

Aibu.

Watu walijaa. Ombeko alileta kijiwe kisichozidi mkate. Langu lilipofunuliwa, watu walishangaa. Ndipo askari mzee wa Kirumi, aliyekuja kutibu magoti, akaombwa atoke majini asome. Akasoma kimoyomoyo. Akaketi. Kisha akasoma kwa sauti: "Kwa mungu Talsko. Ilikso amelipa nadhiri yake kwa hiari, kama inavyostahili."

Halafu kicheko. Askari alicheka hadi akarudishwa majini akiwa amebebwa. Harbele, mkubwa wa wazee, aliniuliza kwa upole Ilikso alikuja kuniomba nini hasa, na kama nilimsaidia.

Ombeko amepewa kazi. Mimi nimepewa adhabu: kusugua bwawa la chemchemi hadi majira ya baridi, chini ya Ombeko. Akitaka ndoo ananiita "ewe mungu". Jiwe nimeamriwa niliondoe. Nimeliacha kando ya njia ya mlimani.

Alhamisi, 12 Mei

Ajabu. Wasafiri kutoka ng'ambo ya mlima hawajasikia kisa changu. Wameacha mkate na jibini kwenye jiwe, sadaka kwa mungu Talsko. Nimekula.

Jioni akaja mama mmoja, Nesika, mwenye mbuzi mgonjwa. Nilijificha nyuma ya jiwe, nikamjibu kwa sauti nzito kwamba mbuzi atapona, na kwamba Talsko hupendelea jibini la kondoo. Akalia kwa furaha. Akashukuru mara nyingi. Nyumbani sijawahi kusikilizwa hivyo.

Jumamosi, 14 Mei

Mbuzi amekufa. Nesika alirudi na fimbo, akalizunguka jiwe, akanikuta natafuna. Alinichapa njia nzima hadi bwawani, akiuliza ni mungu gani huyu mwenye makombo ndevuni. Ombeko alimkalisha, akamuosha miguu kwa maji ya moto, akampa mbuzi wake mwenyewe. Kujionyesha tu.

Erdenia kanikanda mgongo. Safari hii hakucheka, nikaogopa. Akaniuliza taratibu kama sasa nimejifunza.

Nimejifunza sana. Jiwe lilikuwa mahali pa wazi mno. Mtu yeyote anaweza kuzunguka nyuma. Mungu anahitaji kuta nne na mlango wenye komeo. Kesho natafuta mbao.