Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Kumtoa Bosi Kwenye Rojo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mke wangu mpenzi, uliyerejea mchana huu kutoka mafunzo ya kazi ya wiki sita na ambaye begi lako bado liko mlangoni, mama yangu mzazi, Mlezi wa Mpango na msimamizi mkuu wa jiko, shemeji yangu, mwangalizi wa kujitegemea ambaye hakualikwa lakini amekaribishwa, na kwa heshima ya pekee mlengwa mwenyewe, binti yetu wa mwaka mmoja na miezi minne, mmiliki wa meno manane, ajulikanaye kama Bosi kwa sababu zisizohitaji ufafanuzi, itifaki imezingatiwa.

(Bosi anapiga meza kwa kiganja. Shemeji: "Chakula kinapoa, shemeji.")

Nitakuwa mfupi. Wajumbe mtakumbuka kwamba mgeni rasmi alipoondoka alibandika kwenye friji waraka wa ukurasa mmoja, ukielekeza kwamba Bosi, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amemeza kitu chochote kisichopita kwenye blenda, awekewe kila siku kipande laini cha chakula tunachokula sisi, akiguse, akinuse, akitupe akipenda, bila kulazimishwa na bila kuimbiwa. Waraka ulitaja na sababu: Jumatatu Bosi anaanza kituo cha kulelea watoto, kituo hakina blenda, mtoto asiyekula vipande atarudishwa nyumbani, na wa kubaki naye nyumbani atakuwa mama yake, ambaye kwa kufanya hivyo ataaga ile kazi aliyoisomea wiki sita.

(Mgeni rasmi: "Nakumbuka, Baba Bosi. Niliandika mimi." Kicheko.)

Nashukuru kwa maoni hayo ya kujenga. Ofisi yangu haikulala. Ndani ya saa arobaini na nane tuliunda kamati, tukaipatia strateji, tukafanya wokshopu ya siku nzima hapa hapa mezani, ambapo ilibainika kwamba mpito wa mtoto una awamu tatu, yaani rojo jepesi, rojo zito, na rojo lenye mabonge ya makusudi, na kwamba kila awamu inahitaji tathmini, na kila tathmini inahitaji chai. Kwa upande wa takwimu, asilimia sabini na mbili ya karoti za kuchemsha zilipokelewa, ambapo kupokelewa kunajumuisha sakafu, ukuta na shati langu la kazini. Yai lilipokelewa kwa asilimia mia, na paka wa jirani. Na kama ushahidi, kila jioni nilimtumia mgeni rasmi picha ya sahani ikiwa tupu kabisa, picha arobaini na moja, zote zenye mwanga mzuri.

(Makofi ya mtu mmoja, ambaye ni mwenyekiti.)

(Mgeni rasmi: "Picha niliziona, nikalia kwa furaha pale hosteli. Sasa niambie kwa mdomo. Anatafuna au hatafuni?")

Hilo ni swali zuri sana, na wataalamu wangu watalijibu kwa maandishi.

(Mama mzazi: "Mwanangu, sema tu. Mwenzio amechoka na safari.")

Nimepokea fidibaki ya Mlezi. Kabla ya kuhitimisha, naomba tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema "Bosi," mseme "Tafuna." Bosi!

(Shemeji peke yake, mdomo umejaa: "Tafuna.")

Kwa hayo machache, shukrani. Namshukuru mama, aliyesaga kila kilichopikwa ndani ya nyumba hii asubuhi, mchana na jioni, kwa maelekezo yangu. Naishukuru blenda, ambayo haikuomba likizo. Nalishukuru tumbo langu, lililokula vipande vyote arobaini na kimoja ili sahani zipigwe picha. Siku ya kwanza nilimwekea kipande cha ndizi, akakohoa mara moja, nikatoka naye mbio hadi barabarani, pekupeku. Hakuwa na lolote. Alikuwa anacheka. Lakini mimi sikuweza tena. Kwa hiyo mpango huu, mke wangu, haukuvuka siku hiyo ya kwanza. Niliogopa, nikaona haya kukuambia.

(Wote wanamtazama mwenyekiti. Mgeni rasmi anafungua mdomo.)

Samahani, mgeni rasmi, naomba usiseme chochote kwanza, na naomba mjumbe yeyote asigeuze kichwa. Naripoti ninachokiona kutoka hapa niliposimama. Wakati sisi tukishughulika na mimi, mlengwa amenyoosha mkono kwenye sahani ya mama yake na kuchukua kiazi. Amekitazama. Amekilamba. Amekitia mdomoni.

(Shemeji anaacha kutafuna.)

Taya linakwenda. Linakwenda kushoto. Sikimbii, mama, nimeshika kiti. Amekohoa kidogo, ameendelea. Amemeza. Amefuata kingine, kikubwa zaidi, hana hata aibu.

(Mama mzazi anajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Mgeni rasmi, machozi yakimtoka, bila kugeuka, kwa sauti ya chini: "Tutaongea baadaye mimi na wewe. Mtu akimtazama ataacha. Endelea kuhutubia.")

Naam. Basi, ndugu wajumbe, tukigeukia sasa suala la bomba la bafuni, ambalo kwa muda mrefu limekuwa changamoto, ofisi yangu imebaini kwamba maji hutoka juu na kuelekea chini.