Dawa za Kasilda Ziko Muyinga

Jumatatu, 5 Septemba 2022. Gishubi.

Tumerudi kutoka hospitali ya Gitega! Kasilda yuko kitandani, mguu ndani ya plasta. Miaka kumi na tisa tuliishi Tanzania, hakuwahi kuvunjika hata ukucha. Karudi kwao, kateleza shambani kwake mwenyewe na mkungu wa ndizi kichwani.

Muuguzi Venansi, wa zahanati yetu, alinikabidhi kikopo cha vidonge vya maumivu. Vikali, alisema. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Asipewe mtu mwingine. Viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na watoto, na vitakavyobaki virudishwe kwake. Tena mtu mzima mwingine hapa nyumbani ajue vilipo. Niliitikia kwa heshima zote.

Kufuli! Kufuli ni kumwonyesha mwizi pa kuanzia. Mwenye akili huficha.

Jumanne, 6 Septemba.

Siku mbaya. Jirani yetu Kastori alikuja kumtazama mgonjwa. Huwezi kumfukuza anayekuja kumtazama mgonjwa, na Kastori anajua hivyo. Alileta ndizi za kupika, akakaa saa mbili, kisha akaomba kidonge. Alisema Kasilda anaumwa mguu mmoja tu, yeye magoti mawili. Nilimjibu kwamba vidonge nimevifungia. Hapo hapo akamrekebishia Kasilda mto, na kikopo kikabiringika mpaka miguuni pake.

Nilikidaka kabla yake. Magoti yake kweli ni mabovu.

Nilikihamishia kwenye chungu cha chumvi. Dada yangu Anisia, tunayeishi naye, alikiona kabla maharage hayajachemka. Nikakiweka nyuma ya picha ya harusi yetu. Picha ikaanguka. Kasilda alisema kutoka kitandani kwamba kuna maduka yanayouza kufuli. Nilijifanya sisikii.

Jumatano, 7 Septemba.

Nimepata! Mimi Crispin nimepata!

Juu ya kabati tuna igiseke, kile kikapu cha heshima chenye kifuniko kirefu kilichochongoka. Alikisuka mama mkwe wangu, hakiguswi ovyo. Nimelaza kikopo chini kabisa, nikatandika juu yake majani makavu ya mgomba, nikayakata yaenee vizuri hadi pembeni. Ukifunua unaona kikapu kitupu, safi, kilichotandikwa. Nilifunua mara tano kujifurahisha.

Kasilda aliuliza nimeficha wapi. Nilikataa kumwambia. Siri ikiwa na mimi tu, haina pa kutokea. Aliomba maji.

Kastori alikuja jioni. Macho yake yalizunguka chumba chote. Hakuona kitu! Nilimpa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na mrija wangu mwenyewe nikamwachia. Nina furaha kiasi cha kumpenda hata Kastori.

Alhamisi, 8 Septemba.

Simu kutoka Mwakiro, huko Muyinga. Binti yetu Happy amejifungua! Mvulana! Mama na mtoto wazima. Kasilda alilia, nami nikatoka nje kuangalia mbuzi, maana machozi yalikuwa yananijia na Kastori alikuwa mlangoni.

Kasilda hawezi kusafiri. Imeamuliwa Anisia aende kesho kumhemba mzazi kwa niaba yetu: apeleke unga wa uji, atoe pongezi mbele ya wakwe. Mimi sikuhusishwa na maandalizi. Walisema nisaidie kwa kukaa mbali.

Ijumaa, 9 Septemba.

Naandika kwa haraka.

Alfajiri nilimpa Kasilda kidonge chake, nikarudisha kikopo, nikaenda shambani. Nilirudi saa sita. Juu ya kabati hakuna kitu.

Nilimuuliza Kasilda igiseke kiko wapi. Alisema Anisia amekwenda nacho Mwakiro, kimejaa unga wa ulezi mpaka kwenye ukingo. Ungempelekeaje mzazi unga ndani ya mfuko wa plastiki, mbele ya wakwe? Akaongeza kwamba Anisia alinisifu sana kwa kukitandika majani. Alidhani nimemwandalia.

Nilikaa chini sakafuni.

"Crispin," Kasilda akasema polepole, "dawa zangu ziko wapi?"

"Ziko Muyinga."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema nyumba ile ina mzazi anayenyonyesha na watoto wadogo wanne, na kila mmoja wao atataka kuchota unga kwa mkono. Sikuwa nimefikiria hilo. Nimekuwa nikiwaza magoti ya Kastori tu.

Simu ya Anisia imezimwa. Ya Happy inaita bila kupokelewa. Naondoka. Kasilda hatakuwa na kidonge cha jioni, na ni kwa sababu yangu.

Jumamosi, 10 Septemba. Ndani ya basi, kurudi.

Sasa naweza kuandika yote.

Pikipiki mpaka Gitega, basi mpaka Muyinga mjini, pikipiki tena mpaka Mwakiro. Njia nzima nilipiga simu. Nilifika saa kumi na moja. Uwanja umejaa watu, mitungi ya urwarwa imezungukwa na mirija. Nilipoingia tu, wote wakasimama kunipigia makofi! Nilidhani wamenifananisha.

Emiliana, mama mkwe wa Happy, alisimama katikati. Mkononi ana kikopo. Walikuwa wamemwaga unga kwenye ungo mbele ya wageni, kikopo kikatokea kwenye majani waliyoambiwa nimeyatandika mimi, na Anisia, aliyejua ni cha nani, alikuwa nyuma ya nyumba akisaidia jikoni.

"Bon, mi sijaonaka baba kama huyu," Emiliana akawaambia wageni. "Watu wote wanaleta unga, wanaleta pombe. Nani anakumbuka mgongo ya mzazi? Bamwana, baba ya Happy, peke yake!"

Makofi tena. Nikapewa kiti karibu na wazee. Nikapewa mrija. Mzee mmoja alisema mabinti zake wangekuwa na bahati kupata baba wa aina yangu. Nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: ilikuwa tamu. Nilivuta funda moja. Funda moja tu nilikuwa mtu mkubwa Mwakiro.

Kisha nikaona Happy, mtoto kifuani, anapokea kidonge kiganjani na glasi ya maji.

Nilisimama, mtungi karibu uanguke.

"Usimeze, mwanangu. Ni dawa ya mama yako, kali, na wewe unanyonyesha. Niliificha humo mimi, kwa ujinga wangu."

Happy akarudisha kidonge kwenye kikopo. Tulihesabu: vyote vipo. Emiliana aliniangalia, akaangalia majani ya mgomba, akaanza kucheka mpaka akajishika kwenye nguzo. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilipewa mjukuu nimpakate. Ana masikio yangu, maskini.

Igiseke hakirudi kitupu. Kimejaa maparachichi. Kikopo nimekishika mkononi toka Mwakiro, na sijakiachia.

Jumapili, 11 Septemba.

Kasilda amesamehe, au amechoka. Nilimuuliza alipitishaje usiku ule. Kumbe Kastori! Alikuja kumtazama mgonjwa kama kawaida, akasikia habari, akatembea na magoti yale mpaka zahanati kumleta Venansi. Venansi alimpa Kasilda dawa nyepesi ya kumfikisha asubuhi. Halafu akayapima magoti ya Kastori, akamwandikia dawa ya kupaka, yake mwenyewe, yenye jina lake. Kastori sasa haombi tena kidonge. Anasimulia jinsi alivyomwokoa mke wangu. Nimeisikia mara tatu. Namshukuru kutoka moyoni, na nyumba yake ingekuwa mbali kidogo ningemshukuru zaidi.

Anisia ameleta sanduku la bati na kufuli. Ufunguo uko shingoni kwa Kasilda.

Jumatatu, 19 Septemba.

Leo Kasilda amepelekwa Gitega kuangaliwa mguu, atarudi jioni. Kidonge cha jioni kiko sandukuni. Ameniachia ufunguo! Maana yake ananiamini tena. Alisema niutie mfukoni, basi, nisifanye jambo jingine lolote.

Mfukoni! Mifuko hutoboka. Na somo nimelipata: kosa langu lilikuwa kikapu. Vikapu husafiri. Kitu kinachotakiwa ni kizito, kisichokwenda popote. Nimeuzamisha ufunguo katikati ya gunia la mbegu za maharage, mkono mpaka begani. Hakuna anayeligusa gunia hilo kabla mvua ya kwanza haijanyesha.

Saa tisa mchana. Nilipitiwa na usingizi. Nimeamshwa na kelele za nje. Mvua, tena kubwa, imenyesha na kukatika nikiwa nimelala! Namsikia Anisia bondeni akiimba na majirani, majembe yanalia, na Kastori anatangaza kwamba karibu wanamaliza gunia la mbegu.