Kamati Iliyozionja Shule Tatu

Haya niliambiwa na Edna Hindle, mpishi mkuu wa jiko la halmashauri, Jumamosi ya kwanza ya Machi, mwaka wa sitini na sita, nikiwa nimepiga magoti nasugua ngazi ya mlango wangu kwa jiwe. Alikuja kuazima ndoo, akaigeuza, akaikalia mpaka saa sita mchana. Nayaandika kama alivyoyasema, isipokuwa yale aliyoyasema kuhusu mama yake Mheshimiwa Catlow, ambaye ni marehemu na hahusiki.

Ieleweke kwanza kwamba mji wetu wa Calderfold umefanya jambo ambalo hakuna mji mwingine wa viwanda vya pamba uliowahi kulifanya. Mwezi wa Januari ilibandikwa karatasi yenye mhuri kwenye mlango wa maktaba, kuutangazia umma kuundwa kwa Kamati Maalumu ya Mlinganisho wa Shule za Sekondari na Masuala Yanayoambatana Nayo. Wajumbe saba. Mwenyekiti, Diwani Mkuu Horace Catlow. Kazi yake, kukata shauri shule ipi ni bora, lisirudi tena kusumbua watu wazima.

Shule tunazo tatu. Kuna Wateule, ya watoto waliofaulu ule mtihani unaofanywa wakiwa na miaka kumi na mmoja. Huko huvaa kofia yenye nembo na kufundishwa Kilatini. Kuna Kisasa, ya walioshindwa. Paa lake linavuja tangu vita, na ndiyo maana ikapewa jina zuri. Wavulana wa Kisasa hutengeneza vibweta vya kuwekea barua, na wasichana hufundishwa kumwogesha mwanasesere. Halafu kuna Wote, kule kilimani kwenye nyumba mpya za halmashauri. Hiyo ilifunguliwa kwa majaribio. Inapokea kila mtoto wa mtaa ule, aliyefaulu na aliyeshindwa, katika lango moja. Wakubwa walieleza kuwa utaratibu huo unawachanganya watoto, kwa sababu wanamaliza mwaka mzima hawajajua wamdharau nani.

Sasa, kwetu matokeo ya mtihani ule hayasomwi, hupimwa kwa vidole. Bahasha nene ina orodha ya sare ndani, basi mtoto amefaulu. Bahasha nyembamba haina cha kununuliwa. Noreen, binti wa Edna, alipata nyembamba. Edna aliishika pale dirishani, akaigeuza huku na huku, akairudisha chini ya mlango na kuiokota tena, kama ingenenepa njiani.

Lakini wao wanakaa kilimani, kwa hiyo Noreen akaenda Wote. Huko akakutana na kemia. Sijui kemia inafanyaje kazi, ila najua kwamba mwaka jana mji ulitoa tuzo ya kemia kwa watoto wa shule zote tatu, na Noreen akawa wa kwanza. Mjukuu wa Mheshimiwa Catlow, kijana wa Wateule, bahasha nene kama mkate, akawa wa nne.

Jambo hilo liliisikitisha halmashauri. Mtoto aliyeshindwa anaposhinda, mtihani unafedheheka, na mtihani haukuwa umemkosea mtu. Ndipo ikaundwa kamati.

Kila mtu alijua itaamua nini. Wote ingefungwa, na kila mtoto angerudishwa mahali bahasha yake ilipomtuma. Noreen ana miaka kumi na minne. Amebakiza miaka miwili kufanya mtihani wa cheti, aende kusomea kazi ya kuchanganya dawa, maana bwana wa duka la dawa la Mtaa wa Kanisa ameshasema akileta cheti atamchukua. Kisasa hakuna cheti wala kemia. Angeingia na tuzo yake mkononi, akabidhiwe mwanasesere na beseni.

Kamati ilianza kwa kuangalia matokeo ya mitihani ya shule zote tatu. Ikayaona, ikayafungia kwenye droo ya meza, kwa sababu yalikuwa hayajakomaa. Kisha mjumbe mmoja, mwenye duka la kofia za Wateule, aliyeteuliwa kwa kuwa hana upande, akapendekeza njia iliyo safi zaidi. Alisema shule hujulikana kwa meza yake. Wajumbe waende kila shule, wale chakula cha mchana pamoja na watoto, wapime tabia ya chakula.

Wakaenda. Jumatatu Wateule, Jumanne Wote, Jumatano Kisasa. Siku zote tatu walipewa nyama ya kusaga, viazi vya kuponda, na pudini ya mafuta ya figo yenye zabibu kavu, imemwagiwa kastadi, ule uji mtamu wa maziwa. Wiki ile ilikuwa zamu ya chakula hicho.

Taarifa yao ilikuwa na kurasa arobaini. Edna ameiona. Kastadi ya Wateule ilielezwa kuwa tulivu, yenye nidhamu, inayojua inakokwenda. Ya Kisasa ilikuwa nzito kuelewa, ingawa ya uaminifu, na ingefaa kwa kazi za mikono. Ya Wote ilikosa mwelekeo, tena katika bakuli la mjumbe mmoja ilionekana kuwa na makuu. Kuhusu viazi, kamati iliona kwamba vya Wateule vililisha mawazo na vya Kisasa vililisha matumbo. Ikapendekezwa Wote ifungwe mwisho wa muhula.

Wiki iliyofuata Edna akaletewa barua tatu kwa siku moja. Akazipima kwa vidole. Moja nene, mbili nyembamba. Ile nene iliandikwa kwa Mpishi wa Wateule, kumpongeza na kumwalika kwenye ukumbi wa halmashauri akapokee kijiko cha fedha. Ya pili iliandikwa kwa Mpishi wa Kisasa, kumwonya. Ya tatu iliandikwa kwa Mpishi wa Wote, kumtaka afike siku hiyo hiyo ajieleze kabla ya kuachishwa kazi.

Nikamuuliza, sasa ukafanya nini?

"Nikavaa kofia yangu ya kanisani, bibi. Watu watatu wakiitwa, si vizuri wote wakose."

Ukumbini alikuta viti vitatu vimepangwa mbele, kila kimoja na karatasi ya jina la shule. Akakaa cha katikati, akaweka mkoba wake cha kushoto na mwavuli cha kulia. Madiwani wote walikuwapo, na mtu wa gazeti pia. Mheshimiwa Catlow, aliyevaa mkufu wake wa cheo, akasoma kurasa sita za utangulizi, kisha akamwita Mpishi wa Wateule. Edna akasimama, akapewa kijiko, akapigiwa makofi, akarudi kukaa.

"Mpishi wa Kisasa," akaita Mheshimiwa.

Edna akasimama tena.

"Wewe umeshapita, mama. Nimemwita wa Kisasa."

"Ndimi, mheshimiwa."

"Umepokea kijiko cha Wateule sasa hivi."

"Na kule ni mimi. Na Wote ni mimi. Sufuria ni moja, mheshimiwa. Gari linapakia mikebe ya chakula saa tano, linaanza Wateule kwa sababu ni karibu, linamalizia Kisasa kwa sababu barabara ni mbovu. Mnanifukuza kabla ya kunionya au baadaye, nijue nikae kiti kipi?"

Edna anasema hakuna aliyecheka mwanzoni. Diwani mmoja wa nyuma alikohoa, kikohozi kikawa kirefu, kikaambukiza safu nzima. Mheshimiwa Catlow akagonga meza, akauliza ni nani aliyeidhinisha mji mzima ulishwe na sufuria moja bila yeye kuarifiwa.

"Sijui, mheshimiwa," Edna akasema. "Pale mlangoni pa jiko kuna bamba la shaba, ninalisugua kila Ijumaa. Limeandikwa jina lako. Ulikata utepe, ukahutubia mpaka viazi vikapoa."

Hapo hata mtu wa gazeti aliweka kalamu chini.

Mtu mdogo angeona haya. Mheshimiwa Catlow si mtu mdogo. Alinyoosha mkufu, akaeleza kwamba jambo hili linaipa taarifa nguvu zaidi: kama chakula ni kile kile, basi tofauti waliyoionja wajumbe saba imetoka kwenye shule zenyewe, ikapenya ndani ya kastadi. Mwenye duka la kofia akasema hilo limethibitika kisayansi.

Madiwani, ambao wengi wao walitaka Wote ifungwe, hawakutaka kufunga shule wakiwa wanachekwa. Wakaamua kamati ionje tena, katika chumba chake, sahani zisizo na majina ila namba tu, kutoka mikebe ya shule zote tatu. Wajumbe saba wakikubaliana ipi ni ya Wateule, mwenyekiti atie saini, na taarifa ipite. Siku ikapangwa Ijumaa, na mwisho ni saa kumi jioni.

Hiyo saa kumi si ya kuchezea. Ni kanuni aliyoitunga Mheshimiwa Catlow mwenyewe, mwaka ule wanawake wa sokoni walipoomba choo. Hoja ambayo haijatiwa saini ifikapo saa kumi ya siku yake inahesabiwa imekufa, na hairuhusiwi kutajwa tena kwa miaka mitatu. Hoja ya choo ilikufa saa kumi na dakika mbili. Wanawake wa sokoni wanaikumbuka kila siku, wengine mara nne au tano.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya kuja kwangu kuazima ndoo, Edna akapeleka mikebe mwenyewe. Akaona chumba kina moto mkubwa wa makaa na viti vya ngozi. Akauliza kama wangependa apakue kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa ni kuonja tu. Mheshimiwa Catlow akamtazama kama anavyomtazama mtu yeyote aliyesimama na upawa. Alisema sampuli ndogo hutoa ukweli mdogo. Sahani kamili, na kastadi mpaka ukingoni.

"Mheshimiwa, naomba niseme," Edna akamwambia. "Pudini hii ni ya watoto. Wakishaila tunawafungulia uwanja wakimbie robo saa, la sivyo walimu hawawezi kuwaamsha."

"Kamati haikimbii," akasema Mheshimiwa.

"Haya. Mimi nimeshasema."

Wakaanza saa saba. Kila mjumbe alikula sahani tatu, akaandika jibu lake. Wawili walisema ya Wateule ni namba moja, watatu wakasema namba mbili, wawili namba tatu. Mwenye duka la kofia alisema namba mbili ina harufu ya Kilatini. Hawakukubaliana, basi wakaanza mzunguko wa pili. Walitoa hesabu nyingine kabisa, na watu waliosema moja sasa walisema tatu na kuwalaumu wenzao kwa kukosa msimamo. Mheshimiwa akaagiza mzunguko wa tatu, na makaa yaongezwe, kwa sababu baridi huharibu ulimi.

Katibu wa kamati, Bwana Wilfred Pickup, alikaa pembeni akiandika kila kitu. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa neno. Edna alichungulia begani kwake akasoma, wakati anakusanya sahani. *Saa nane na nusu: Mjumbe wa pili anatafakari, macho yamefungwa. Saa nane na dakika arobaini: Wajumbe wanne wanatafakari. Mjumbe wa tano anatafakari kwa sauti. Saa tisa na robo: Sita.*

Mheshimiwa Catlow peke yake ndiye aliyebaki, amelegeza mkufu, yuko kwenye sahani ya tisa. Taarifa ilikuwa mbele yake, kalamu juu yake. Alikuwa amesema kwamba wenzake wakishindwa, yeye ataamua kwa niaba yao. Edna alisikia akiwa ameinamia mkebe. Alimfikiria Noreen na beseni. Akafanya kile anachojua kukifanya. Akaongeza kastadi.

Mheshimiwa akala. Akainua kijiko ili atie saini, akaona si kalamu, akakitazama.

"Hii," akasema, "hii ndiyo ya..."

Kidevu kikashuka juu ya mkufu. *Saa tisa na dakika thelathini na tano,* akaandika Bwana Pickup. *Mwenyekiti anatafakari.*

Edna akasimama pale mlangoni na upawa wake. Akahesabu dakika kwenye saa ya ukutani, anasema hata siku ya kumzaa Noreen hakuhesabu namna ile. Mwishowe akanong'ona.

"Huwaamshi, Bwana Pickup?"

Bwana Pickup akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, bila haraka.

"Kanuni zinanitaka niandike, Bi Hindle," akasema. "Kuamsha hakumo."

Wakangoja. Saa ikagonga kumi. Bwana Pickup akaihesabu milio yote, akaandika mstari mmoja chini ya karatasi ile isiyo na saini, kwamba hoja imekufa kwa miaka mitatu, akaukausha vizuri, akafunika wino. Kisha akamuuliza Edna kama kuna kilichobaki.

Kulikuwa na kipande cha pembeni, kile chenye ukoko. Edna akakipakulia kwenye sahani safi, akampa na kile kijiko cha fedha, maana alikuwa nacho mkobani. Bwana Pickup alikula taratibu, mpaka mwisho. Akaikwangua sahani, akasema tu kwamba ni nzuri. Halafu akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya kitabu cha kanuni, na yeye pia akalala.