Ombi la Kumtoa Binti Yangu Kwenye Timu ya Mdahalo Kabla ya Ijumaa

Kwako Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko mkabala na geti lenu, nami ndiye mzazi wa yule binti wa darasa la saba mwenye sauti kubwa. Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Naandika kukuomba, kwa heshima zote, umtoe mwanangu kwenye timu ya mdahalo kabla ya shindano la Ijumaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Ameniharibia kazi. Juzi alikuja bibi harusi kuchukua gauni. Nikamwambia, kama fundi yeyote mwenye akili timamu, kwamba limebaki kutiwa vifungo tu. Binti yangu akanyoosha mkono, akaomba kutoa taarifa, akaeleza kwamba kitambaa bado kimo kwenye mfuko aliokuja nao mteja. Kisha akauonyesha. Huo anauita ushahidi. Jamani! Miaka ishirini nashona, hakuna aliyewahi kunidai ushahidi.

2. Nyumbani sina kauli. Zamani nikisema "kwa sababu mimi ni baba yako," maneno yamekwisha. Siku hizi naambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba hicho ni cheo, si hoja.

3. Amemwambukiza mama yake. Mke wangu, mtu mpole asiye na makuu, sasa anagonga kikombe kwa kijiko nikizidisha dakika tatu za kusema.

4. Wiki iliyopita lililetwa mezani swali la kwa nini kaka yake haoshi vyombo. Nilipinga kwa nguvu zote. Kura zikapigwa, nikashindwa. Sufuria ya maharage niliisugua mimi mwenyewe, kwa kuwa katika utetezi wangu niliropoka kwamba ni kazi nyepesi.

5. Jumapili alinifuata kwenye kikao cha mtaa. Mwenyekiti akasema bomba litatengenezwa karibuni. Mtoto akasimama, akauliza karibuni ni lini. Mwalimu, tulikuwa watu wazima sitini mle ndani, na hiyo "karibuni" tumekaa nayo miaka mitatu kwa amani. Mwenyekiti alifunga kikao, na sasa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepasua bomba. Watoto wakianza kuuliza hivi, sisi nyuso zetu tutazificha wapi?

Kwa hiyo naomba ahamishiwe kwaya, ambako kila mtu hufungua mdomo kwa yale aliyoandikiwa.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie walimu wote, karani wa ofisi, na mlinzi wa getini; suruali yake mwambie imebaki pindo tu.

Wako mtiifu,
Fundi wa mkabala na geti

N.B. Mistari hii ndiyo ya mkono wangu, uniwie radhi kwa mwandiko. Hiyo ya juu kaiandika binti. Mimi nilikuwa naja kukufokea, akasema nikija hivyo sitasikilizwa, akakaa kuniandikia, maana huko kwenu watoto hufundishwa kutetea hata upande usio wao. Sababu zote kazipanga yeye huku machozi yanamtoka, na hakunipunja hata moja. Ile ya tano nilikuwa nimeisahau, yeye ndiye aliyenikumbusha. Mwalimu, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenitetea hivi. Mwache kwenye timu. Ijumaa nafunga duka, naja kumsikiliza.