Debe Lililoganda Jericho

Dishon huyu ni mimi, nisikufiche. Namsimulia kama mtu mwingine kwa sababu nikianza kusema "mimi" nitajionea huruma, na jamaa huyu hastahili huruma ya mtu yeyote. Alikuwa na miaka ishirini na minane, viatu vya soli nene, na imani thabiti kwamba siku Mungu alipogawa akili, watu wengine wote wa Jericho, mtaa wetu wa Nairobi, walikuwa wamesafiri.

Shida yake ilikuwa moja tu: alimtaka Lydiah. Lydiah naye alimtaka, wakati huo. Lakini mama yake, Wangeci, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa ameshakata shauri. "Binti yangu haolewi na mdomo," alimwambia Dishon. "Nionyeshe kazi unayofanya." Akampa hadi mwisho wa Julai. Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka wa sabini na sita, na baridi ilikuwa haina adabu.

Nafasi aliiona bombani. Mama Amolo, mke wa karani wa reli, alikuwa amehamia mtaani kutoka Mombasa. Sisi wengine ngozi zilikuwa zimepauka hadi unaweza kuandika jina juu yake kwa kucha, lakini yeye aling'aa. Akina mama wakamzunguka na ndoo zao kutaka siri.

"Siri gani? Mafuta ya nazi," akasema. "Asubuhi najipaka, mchana nakaangia samaki, jioni nampaka mtoto kichwani. Yangu yanaisha, na sijui hapa nitayapata wapi."

Dishon alikuwa nyuma yao, amejifanya anafunga kamba za viatu. Alizifunga mara tatu.

Kesho yake saa sita mchana alikuwa Eastleigh, dukani kwa Hashi, ambako lori la Mombasa lilikuwa linashusha mizigo. Alijitambulisha kama mnunuzi wa makao ya mayatima, akainamisha kichwa kidogo. Hashi, mtu mcha Mungu, alimpunguzia bei, akamwombea dua, akampa debe la mafuta safi ya nazi ambalo bado lilikuwa na joto la safari.

Nyumbani Dishon alichukua madebe matatu ya mafuta rahisi ya mahindi, akatia kila moja vikombe viwili vya nazi ili linukie, akajaza chupa za soda. Nazi iliyobaki aliiweka kando kwa ajili ya awamu ya pili. Alilala usingizi wa mkurugenzi.

Asubuhi alifunua debe la nazi, akapigwa na butwaa. Mafuta yalikuwa meupe pee, magumu, kijiko kinasimama wima. Mtoto wa bara huyu hakuwa ameyaona mafuta ya nazi kwenye baridi maisha yake yote. Akatazama zile chupa zake: majimaji kama jana. Basi akapiga hesabu ya werevu wake, kwamba Hashi alikuwa ametia nazi juu juu tu, na chini amejaza mafuta magumu ya kopo ya kukaangia. Aliumia sana. Alijiuliza dunia inaenda wapi, ikiwa mtu anaweza kuwaibia mayatima hivyo. Kurudi kulalamika hakuweza, kwa sababu Hashi angeuliza mayatima wenyewe wako wapi.

Akaona heri alitupe hilo debe kwa mtu mwingine. Jumanne akalibeba hadi kwa Mama Amolo.

"Nazi ya Mombasa, mama. Nimekukumbuka wewe wa kwanza."

Mama Amolo akafunua, akanusa, akachota kidogo kwa ukucha. "Mbona yameganda?"

"Hayo ni ya daraja la juu," Dishon akasema.

Mama Amolo akamtazama usoni. Kisha akahema kama mtu aliyeonewa. "Mimi nilizoea ya kumiminika, mwanangu. Lakini kwa kuwa umejisumbua, nitakupa jogoo."

Debe zima kwa jogoo mmoja. Dishon aliondoka na jogoo kwapani akipiga mluzi, akimwonea huruma yule mama wa watu.

Jumapili akina mama wa kanisa walikutana kwa Wangeci. Jogoo alikuwa jikoni anachemka, zawadi ya mkwe mtarajiwa. Chupa zilipangwa mezani, na Lydiah akapitisha chai huku akitabasamu. Dishon alihubiri juu ya nazi hadi mama mmoja akauliza, "Na tutajuaje ya kweli?"

Hapo akamkumbuka Hashi, na uchungu ukampanda. "Nazi ya kweli haigandi, mama zangu. Mtu akikuletea mafuta yaliyoganda, huyo ni tapeli. Mfukuze mlangoni."

"Hata haya?" sauti ikauliza kutoka kona ya mlango. Ilikuwa ya Mama Amolo, na mkononi alishika kikopo cha mafuta meupe. "Nilipata kwako Jumanne, kwa jogoo."

Wangeci akageuka kutazama jikoni.

Mama Amolo akachota kidogo, akamwekea Wangeci kiganjani. Mafuta yakayeyuka pale pale, na harufu ya nazi ikajaa chumba. "Pwani kuna joto, yanamiminika," akasema. "Kwa baridi hii lazima yagande. Hizo chupa zake ndizo sizijui."

Wangeci hakupandisha sauti. "Yaliyoganda ukamuuzia Mama Amolo. Yasiyoganda unatuuzia sisi. Niambie, mwanangu, ni yapi uliyouza ukiamini kwamba ni bandia?"

Dishon alitafuta uongo kila pembe ya kichwa chake, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja.

"Yote mawili, mama."

Walicheka hadi wengine wakaweka vikombe chini. Kisha wakamwagiza amwage chupa zote na kuziosha kwa maji ya moto, kwa kuwa Mama Amolo alikuwa na debe karibu zima na kila mtu alitaka chupa yake. Dishon aliosha, mikono ya shati ameikunja.

Lydiah akaja kusimama karibu naye. Hakuwa amecheka na wenzake.

"Hata ile nazi ilikuwa ya kweli, wewe ukidhani unatapeli," akasema polepole. "Na uliponiambia unanipenda, Dishon, ulijua ni ya kweli, ama ulidhani ni bandia?"

Dishon akajibu kwamba yalikuwa mapenzi ya kweli. Na yalikuwa, naapa. Lydiah alimsikiliza hadi mwisho, akachukua chupa moja iliyokwisha kuoshwa, akaenda kupanga foleni kwa Mama Amolo.