Ombi la Kufutwa kwa Ridhaa ya Mwenza katika Mauzo ya Nyumba

Harithi Mtopa,
Dalali wa Nyumba na Viwanja,
Kwa Bi Faudhia, nyuma ya soko,
Nachingwea.

Ndugu Afisa Ardhi,

Kwa heshima iliyokamilika, na baada ya kukutakia afya wewe na watumishi wote wa ofisi yako, ninawasilisha malalamiko niliyoyabeba muda mrefu kwa uvumilivu wa raia mwema. Yanahusu kanuni inayomtaka mtu anayeuza nyumba ya familia aje na ridhaa ya mwenza wake. Kanuni hiyo inakaribia kunitoa katika kazi yangu, kwa sababu zifuatazo:

1. Kwamba Ndugu Shaibu, mkulima wa korosho, aliamua kuuza nyumba yake ya hapa mjini ili arudi shambani Chinongwe. Nilimpatia mnunuzi, Mwalimu Gwakisa, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, ambaye aliipenda nyumba hata kabla sijamaliza kuisifu. Siku ya kutia sahihi kwa wakili tulifuata kikamilifu desturi zetu, ambazo humpa mjomba kauli ya ukoo: tulimleta mjomba wa Shaibu, Mzee Habibu, kutoka Nkowe kwa bodaboda, akiwa amevaa kanzu ya pasi na vumbi la njia nzima. Wakili akauliza mke yuko wapi. Tukamjibu kwamba mjomba yupo. Akasema, "Shikamoo mzee wangu, lakini wewe si mwenza." Mzee Habibu akajibu, "Marahaba. Huyo mwenza unayemtaka, nilikwenda kumposa mimi. Leo mimi si kitu?" Hakugusa hata soda tuliyomnunulia. Amerudi Nkowe na hasira, na hasira hizo ameziandika kwa jina langu.

2. Kwamba mke huyo, Bi Raudha, alipoletwa, wakili alimwuliza kama ameridhia. Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo chanzo cha matatizo yote. Bi Raudha naye akauliza lake: "Nikishasaini, usiku nalala wapi? Chinongwe kuna shamba, nyumba haipo." Ndugu Afisa, katika maisha yangu yote ya udalali sijawahi kuulizwa jambo la namna hiyo. Shaibu alitazama dari. Mimi nilimtazama Shaibu. Mwalimu Gwakisa, aliyekuja kununua, akaanza kumhurumia Bi Raudha, jambo ambalo katika biashara yetu ni maradhi.

3. Kwamba baada ya kubembelezwa sana, Bi Raudha aliridhia vyumba, sebule na choo, lakini jiko hakuliridhia, kwa kuwa alilikandika kwa mikono yake. Nilimweleza Mwalimu faida ya kununua nyumba ambayo tayari ina mtu anayepika ndani yake. Hakuiona faida hiyo.

4. Kwamba majirani walioitwa kushuhudia mipaka nao walipata moyo. Mmoja wao, kalamu ikiwa tayari mkononi, alikumbuka hapo hapo kwamba mkorosho wa mpakani ulipandwa na bibi yake. Tazama jinsi ridhaa ya mtu mmoja inavyoambukiza mtaa mzima!

Kutokana na hayo, ninaomba kwamba mwenza asiulizwe kabisa. Anayeishi ndani ya nyumba ana upendeleo wa wazi kwa nyumba hiyo, wala si haki kumpa nafasi ya kuamua. Badala yake, ridhaa itolewe na dalali. Bi Raudha hajawahi kuisifu ile nyumba hata siku moja. Mimi nimeisifu tangu mvua za kwanza, na ninajua panapovuja, nami nimeitunza siri hiyo kuliko mume. Dalali atambuliwe kisheria kuwa mwenza wa kila nyumba anayoitangaza, na apewe pole inapouzwa na mwingine. Na kwa kumalizia, mwenye jina katika hati auze anapotaka, na aliyebaki afunge mizigo yake kwa adabu, aondoke asubuhi kabla jua halijawa kali.

Unisalimie karani wa masjala, wapima ardhi wote pamoja na yule aliyeumwa na nyuki, na mlinzi wa getini. Mzee Habibu akipita ofisini kwako, umwambie sikumtuma wakili.

Ninabaki kuwa mtii wa sheria zote isipokuwa hiyo moja,

Harithi Mtopa

Baada ya sahihi: Kwa kuwa nina desturi ya kusoma kwa sauti kila ninachoandika, nimemsomea barua hii mke wangu, Bi Faudhia, ili aisifie lugha. Ameisikiliza yote bila kunikatiza, nami sikushtuka, ilhali nilipaswa kushtuka. Akasema, "Baba Sabaha, leo umeandika. Hasa hapo pa mwenye jina katika hati." Kisha akampigia simu Jumanne, dalali mshindani wangu. Kama ujuavyo, wanaume wengi wa huku huhamia kwa mke. Nyumba hii niliijenga mimi, lakini katika kiwanja cha mama yake, na hati ina jina lake peke yake.

Kwa hiyo ninaomba barua hii isomwe kwa ajili ya lugha tu. Ile kanuni ni nzuri mno, na itumike kwa ukali wote. Inasema mwenza, haisemi mke. Nami ni mwenza, wala sijaridhia hata chumba kimoja, wala jiko. Ikibidi, nitamleta mjomba wangu.

Jumanne amekwisha kufika na mteja. Wanapima sebule; nimenyanyua miguu ili tepu ipite. Mteja ameuliza kama meza hii ninayoandikia inabaki na nyumba, na Bi Faudhia amesema inabaki. Nakusihi unijibu kabla hajauliza kuhusu mimi.