Kofia ya Wouter Crijnsz

Sogeeni, enyi wa mbali na wa karibu, anayesaga aache jiwe na anayelia aahirishe kilio, niwasimulie vita vilivyopiganwa mjini Haarlem, katika chumba cha juu chenye dirisha moja, pasipo kumwagika damu ila mafuta ya kuchanganyia rangi.

Shujaa wetu ni Joost, mwana wa muuza samaki wa chumvi, simba wa brashi, mume wa Machteld. Naye babake Machteld, Wouter Crijnsz, tajiri wa mahameli, mwamba usiotikisika, aliapa mbele ya wageni wa harusi: "Kofia yangu naivua kanisani na kwa waungwana. Kwa mpaka rangi? Hata siku moja!" Tangu hapo Joost akalala na msumari moyoni.

Ndipo alipoazimia kujichora, awe muungwana walau turubaini. Machteld akauchukua ukosi wa babake wa kuvaa shingoni kwa kisingizio cha kuutia wanga: ukosi mweupe, mpana kama jiwe la kusagia, wenye mikunjo kama mawimbi ya tufani. Joost akauvaa, akakikabili kioo. Kiunoni kwenda juu, bwana mkubwa. Kwenda chini, viraka na mitalawanda, viatu vya mbao.

"Mume wangu wee!" Machteld akaangua kicheko. "Juu meya, chini mchimba mfereji!"

"Cheka tu, mke wangu. Turubai inaishia kiunoni."

"Basi fanya hima. Baba anakuja kuuchukua, ana ubatizo. Ukiuchafua, tutahamia chini ya daraja."

Joost akachora mbio mbio, hata ikabaki nukta moja nyeupe, nuru ya jicho, ambayo pasipo hiyo picha ni maiti. Joost akainua brashi kama mkuki. Lakini ukosi, adui mwenye hila, ulimzibia kibao cha rangi. Akachovya kwa kubahatisha, tone likaponyoka, likatua juu ya ukosi wenyewe. Machteld akafumba macho. Lo! Nyeupe juu ya nyeupe: hata aliyeliangusha hakuliona tena. Akachovya upya, akagusa jicho. Likawaka.

Ngazi zikalia. Joost akarukia nyuma ya turubai, akihangaika kuuvua ukosi. Mlango ukafunguka, na Wouter akakutana uso kwa uso na bwana mtukufu, amemkazia macho.

Akavua kofia. Akainama.

"Niwie radhi, bwana. Sikujua mkwe wangu ana mgeni."

"Karibu, baba," ikajibu sauti nyuma ya turubai, na mitalawanda ikatokea ikigonga sakafu.

Wouter akaitazama picha, akamtazama mkwewe, akautazama ukosi. Kisha akaishindilia kofia hadi masikioni.

"Sikuivua! Kichwa kilikuwa kinaniwasha."

"Pole, baba," akasema Machteld. "Na mgongo nao ulikuwa unakuwasha?"

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: kofia ilirudi kichwani, lakini heshima ilikwisha kutoka.